Kasenga kwenda na kurudi: pano nne juu ya kamio, grupu ya mazutu nyuma

Jumapili jioni, Katuba, Lubumbashi

Leo tumeshinda tunafunga vitu juu ya kamio (lori), kesho alfajiri tunatoka. Tantini anaenda kununua samaki Kasenga, kwenye mto Luapula, ni kazi yake ya miaka mingi, mi naenda kwa ajili ya umeme, mdogo wangu anakuja kubeba na kujifunza, halafu kuna papa shofere, jumla watu wanne. Nyuma tumepanga konjelatere tatu za lita 300, zile wengine mnaita frizeri, tumezifunga kamba na katikati tumeingiza vipande vya godoro la zamani zisigongane.

Naandika safari hii siku kwa siku juu watu wengi wananiulizaga kama unaweza kuchanganya pano za jua (paneli za sola) na grupu ya mazutu (jenereta ya dizeli) kwenye kitu cha kutembea nacho, mi nawaambia unaweza, ila sio vile wengi wanafanya. Mwezi wa tano tulienda na grupu peke yake. Siku tano ilinguruma mchana na usiku, ikanywa mazutu zaidi ya lita 80, usiku wa nne ikazima sisi tumelala na asubuhi samaki wa konjelatere moja walikuwa wamelegea, macho yameingia ndani. Kwenye kurudi tantini hakusema neno mpaka tulipofika Minga, huko njiani. Kile kimya chake njo kimenifanya nikae wiki na wiki nikipiga hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Konjelatere moja ikishakuwa na baridi, usipoifungua-fungua, inakula kama kilowati-saa moja na kidogo kwa siku, tatu weka nne. Halafu kuna samaki wabichi. Kilo moja ya samaki kuitoa kwenye joto la mtoni mpaka kwenye baridi ya 18 chini ya sifuri inaomba kama wati-saa 70 za umeme. Na hapa wengi wanakosea: konjelatere ya lita 300 inaweza kubeba kilo 150, lakini haiwezi kuzigandisha kwa siku moja, angalia kibandiko cha nyuma utaona kimeandikwa inagandisha kilo ngapi kwa masaa 24, za kwetu ni kilo 20. Ukimwaga zote mara moja, wa juu wanaganda, wa katikati wanaoza ndani ya barafu. Kwa hiyo tatu ni kilo 60 kwa siku, hizo ni kilowati-saa nne zingine, ongeza ile moja ambayo konvertisere (inveta, ile inayogeuza umeme wa batri uwe wa nyumba) inakula yenyewe kwa kuwa tu imewaka, unafika tisa.

Sasa upande wa kutoa. Pano nne za wati 450. Batri moja ya lithiamu ya volti 51 na ampea-saa 100, yaani kilowati-saa tano. Konvertisere ya kVA 5 yenye kuchajisha ndani yake. Grupu ya mazutu ya kVA 5, yaani karibu kilowati nne, ile ndogo ya kupozwa na upepo. Jua la mwezi wa saba huku Katanga ni zuri, mvua hakuna mpaka mwezi wa kumi huko, natarajia pano zinipe saba kwa siku. Zinabaki mbili au tatu, hizo njo za grupu.

Grupu haitaendesha konjelatere. Itajaza batri, saa moja au moja na nusu kila usiku, ikiwa na mzigo mzito kwelikweli, halafu inazimwa. Mazutu ya grupu nimeweka bidoni (dumu) moja tu ya lita 25. Tantini ameiangalia ile bidoni, akaniangalia mi.

Tangu jana konjelatere zimechomekwa hapa nyumbani na ndani tumejaza chupa za maji, zote zimeshakuwa mawe. Hatuendi na sanduku zenye joto.

Jumatatu, barabarani

Baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba si ya mchezo, saa kumi na moja mikono inauma kwenye chuma. Tumeshika barabara ya Kasenga bado giza. Jua lilipotoka tu ekra, kioo cha konvertisere, ikaonyesha wati 90, halafu 300, halafu ikaendelea kupanda, pano zimelala juu ya paa la mbao na kamio inatembea, hakuna kitu kinazuia. Pano inapenda baridi. Kila digrii ikipanda juu ya 25 kwenye pano yenyewe unapoteza karibu asilimia 0.4, kwa hiyo upepo wa barabara na hewa hii ya baridi ni faida yetu, vumbi ni hasara.

Pembeni ya njia magunia ya makala (mkaa) yamepangwa, majani yamekatwa yamefunika mdomo wa kila gunia, na mafuso yanapita yamebeba zaidi ya urefu wake. Kabla ya saa sita mchana nikapanda nyuma kuangalia ekra, nikakuta wati 640. Jua kali, kivuli hakuna, ilitakiwa niwe na 1,200 au zaidi. Ukiona nusu kamili, usitafute vumbi, vumbi haligawi kwa mbili. Pano zangu nimezifunga mbili-mbili, zile mbili zinafuatana kama batri za tochi, halafu makundi mawili yanakutana, kwa hiyo nusu ikipotea ni kundi moja limekatika. Tukasimama. Mdogo akapanda juu ya paa akafuata kable na vidole vyake, kule nyuma kiungo kimoja kimeachana, kilikuwa hakijaingia mpaka mwisho na makorongo yamemaliza kukitoa. Kwanza nikashusha dijonta ya pano, ile swichi ya kukata umeme, juu ukichomeka hiki kitu jua likiwa linapiga kinatoa cheche, akakisukuma mpaka kikalia "tak". Nikainua dijonta. 1,270.

Viungo vyote nane nikavikagua kimoja kimoja, na nikafunga kila kable kwenye mbao kwa vipande vya mpira wa tairi. Ilinichukua dakika 40, papa shofere alikuwa amelala chini ya kivuli cha kamio.

Kasomeno njia ya Pweto inaenda upande wake, sisi tukashika ya Kasenga. Tulifika jua linaanguka. Batri asilimia 94, grupu haijaguswa.

Jumanne, karibu ya mto

Kasenga iko chini kuliko Lubumbashi, unaisikia ngozini, hata mwezi huu mchana unavua koti. Luapula pale iko pana, ng'ambo ni Zambia, na asubuhi kuna moshi mwembamba wa maji juu ya mto na mitumbwi inatoka ndani yake kidogo kidogo. Watu wa hapa wanasalimia kibemba, "mwapoleni mukwai", tantini anajibu na kuuliza watoto, wazee, mavuno, na bei inakuja nyuma kabisa, na ndio maana wanamwuzia yeye kwanza.

Papa shofere alikuwa ameegesha chini ya muembe. Kivuli kizuri, nyuma ya kamio panapoa, konjelatere zinashukuru, ila pano zinakufa. Nilimwomba kwa heshima, papa, tusogee hatua 20. Konjelatere tumezikinga na bashi (turubai) kwa juu, tukaacha nafasi ya mkono mzima kati ya bashi na chuma ili hewa ipite, juu moto unaotoka nyuma ya konjelatere usipopata njia mashini inafanya kazi bure. Halafu pano tumezishusha kutoka juu ya paa na kuziegemeza kwenye nguzo za miti, uso unaangalia kaskazini. Wengi hawajui hii. Sisi tuko chini ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, saa sita mchana bado limeinama, pano iliyolala kwenye paa inapoteza. Tumeziinua kama kilima cha paa la nyumba.

Samaki wa leo ni wa aina mbili, pale na makobo, wazuri, matumbo meupe bado yanateleza. Tantini anawaosha, anatoa matumbo, anawapanga safu moja moja kwenye mifuko, halafu kilo 20 kila konjelatere, wanagusa ukuta wa chini kule kwenye baridi na chupa za barafu zinakaa juu yao. Alitaka kuongeza kilo 10 juu mvuvi mmoja alikuwa na bei nzuri. Nikamwambia tantini, leo hapana, hao kumi watachukua baridi ya wale wengine. Akawachukua hata hivyo ila akawapeleka kwa mama mmoja wa kukausha kwa moshi. Kila mtu na ujuzi wake.

Sasa usiku. Saa mbili batri imeshuka mpaka asilimia 48, nikamwambia mdogo washa. Grupu ikaitika mara moja, sauti nzuri, nikachomeka kable kwenye konvertisere nikangoja. Hakuna. Taa ya kuingiza inawaka, inazima, inawaka, inazima. Tantini amesimama nyuma yangu na kitenge kwenye mabega.

Grupu ndogo umeme wake hautulii kama wa laini ya mji. Bila mzigo ilikuwa inazunguka hezi 53, ukiipa mzigo inashuka, inajirekebisha, inashuka tena. Konvertisere ikiwa imepangwa kupokea umeme safi tu, ule wa kulinda kompyuta, inaona mtetemo inakataa. Nikaingia kwenye mipango nikaibadilisha ipokee upana mkubwa, ule wa vyombo vya nyumba. Ikakubali, lakini grupu ikapiga kikohozi na moshi mweusi, juu nilikuwa nimeiachia kuchajisha ampea 60 na inazibeba zote kwa mpigo mmoja. Nikashusha mpaka 30, ikatulia, baada ya dakika kumi 40, halafu 50, na pale nikaacha. Hapo grupu inabeba karibu kilowati tatu, batri inapata mbili na nusu na konjelatere zinapata za kwao. Plaketi inasema kVA 5, ila mashini ndogo ya bila turbo inapoteza nguvu kadiri unavyopanda mlima, kwetu Lubumbashi tuko kama mita 1,200, mi siivushi kilowati tatu na kitu hata nikiwa huku chini. Na hezi nikazishusha kwa skru ya gavana, ile inayoshika mwendo wa mashini, mpaka ikawa 50 ikiwa na mzigo.

Tantini alienda kulala saa tatu na nusu. Mi pia, nilikuwa nimechoka sana, nikamwambia mdogo uzime baadaye kidogo.

Jumatano

"Baadaye kidogo" ni maneno ambayo sitarudia kwenye kazi hii. Niliamka saa kumi na moja grupu bado inanguruma. Mdogo amekaa kwenye jiwe karibu yake, macho mekundu, hakulala hata dakika. Aliogopa. Mwezi wa tano ni yeye alikuwa zamu grupu ilipozima, na amebeba ile kitu moyoni mpaka leo, sasa alifikiri kuiacha iwake njo kulinda samaki wa tantini. Sikumgombeza. Kosa langu, sikumpa namba.

Tukaenda wawili kwenye grupu nikamwambia zima, ingoja ipoe. Kwenye mdomo wa egzosi kulikuwa kitu cheusi chenye kung'aa kama mafuta ya mawese yaliyoungua, kimeteremka mpaka kwenye tole (bati), nikakigusa kinanata. Nikamwambia angalia hii. Batri ilijaa kabla ya saa nne usiku, kutoka pale mpaka asubuhi grupu ya kilowati nne ilikuwa inabeba wati 400 tu. Mashini ya mazutu ikikosa mzigo haipati moto wa kutosha ndani, mazutu haichomeki yote, inapita na oili inatoka kwenye egzosi hivi, na ukifanya hivyo wiki na wiki pete zinashika masizi, silinda inakuwa laini kama kioo, mashini inaanza kula oili na kukosa nguvu. Watu wanasema mashini ilichoka kwa kazi nyingi. Iliyokufa hivi imekufa kwa kukaa bila kazi ikiwa imewaka.

Na hasara ya pili iko juu ya vichwa vyetu. Saa moja na nusu jua linapiga pano vizuri, ekra inasema wati 380, hizo ni za konjelatere peke yake, zingine zote pano inazikataa juu batri imejaa, hakuna mahali pa kuziweka. Tumenunua mazutu ili tukatae jua. Ilikuwa hivyo karibu asubuhi yote. Kitu kimoja tu kilituokoa: nilichukua chupa zote za maji zilizoyeyuka, na bidoni ndogo za lita tano, nikajaza konjelatere ili zifanye kazi kwa nguvu wakati jua ni la bure, pano zikapanda mpaka wati 700. Barafu ni batri pia, ya bei ya maji.

Lita tisa zimeenda usiku mmoja. Tulipima kwa kijiti.

Kwa hiyo nimeandika kwenye kipande cha karatoni na makala, nikakifunga kwenye grupu: WASHA 35. ZIMA 75. Batri ikifika asilimia 35 usiku unawasha, ikifika 75 unazima hata kama tantini, papa shofere na mi wote tunasema acha. Pale juu ya 75 tunapaacha wazi, ni nafasi ya jua la kesho. Mdogo alisoma mara mbili, akauliza, na kama asubuhi imefika 20? Nikamwambia ishirini saa kumi na mbili asubuhi na mbingu nyeupe ni habari nzuri.

Usiku: aliwasha saa nne kasoro, akazima baada ya dakika sitini na kitu. Nilimsikia kutoka ndani ya kamio. Grupu tumeisogeza hatua 15, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake, juu watu wanalala nyuma ya kamio chini ya bashi na moshi wa egzosi unaua mtu bila kumwamsha, hata kama anga ni wazi usiuamini. Na nimechoma fimbo ya chuma ardhini kwa ajili ya waya wa kijani, ule wa ethi, udongo wa pale karibu ya maji ni laini, iliingia bila nyundo kubwa.

Alhamisi

Siku mbaya ya mbingu. Watu wanachoma majani ng'ambo na huku, moshi umekaa juu ya mto kama blanketi, jua ni sahani nyekundu, unaweza kuliangalia. Saa sita mchana wati 810. Nilipangusa pano kwa kitambaa chenye maji, majivu membamba yakatoka, ikaenda 900, basi. Mpaka jioni tulikuwa tumepata kilowati-saa nne na nusu badala ya saba. Hii njo siku ya grupu, sikuona aibu kuiwasha saa kumi jioni kwa saa moja, na tena usiku.

Ya jioni ilitusumbua. Mazutu yetu yalikuwa yamepungua juu ya ule usiku wa kwanza, papa shofere alinunua lita tano kwa kadhafi mmoja, muuza mafuta wa barabarani, kwenye bidoni ya njano. Grupu ikaenda dakika 12, ikaanza kutetemeka, moshi mweupe, ikazima. Nikafungua skru ya chini ya filtri, nikakinga na chupa ya konfitiri (jamu). Yale mazutu yalikuwa na rangi ya asali, na chini ya chupa kulikuwa na vitu vinatembea, matone ya maji, mviringo kabisa, yanagongana, yanaungana, hayachanganyiki na mafuta. Vidole viwili vya maji kwa lita tano, siwezi kujua nani aliyaweka, pengine hata yule kijana aliuziwa hivyo.

Tukamwaga tanki lote kwenye beseni, tukaacha litulie nusu saa kwenye ubaridi, tukachota ya juu kwa kikombe polepole na kuyapitisha kwenye kitambaa cha shati, pamba nzito mara mbili. Halafu hewa. Mazutu sio esansi (petroli), hewa ikiingia kwenye bomba mashini haiwaki hata uvute kamba mpaka kesho: kle (spana) namba 10, legeza pale kwenye pompu, vuta kamba polepole, mapovu, mapovu, halafu mazutu bila mapovu, kaza. Mdogo alifanya mwenyewe mara ya pili. Mikono yetu ilinuka mpaka kwenye bukari (ugali) ya usiku.

Muda wote huo, kama saa moja na dakika 20, konjelatere hazikujua kama kuna shida. Batri ilikuwa 41 tulipoanza, 33 tulipomaliza. Nilikumbuka mwezi wa tano. Tatizo dogo kama hili, maji kwenye mazutu, njo lilitumaliza ule usiku, juu nyuma ya grupu hakukuwa na kitu.

Muzee mmoja mvuvi alikaa na sisi akiangalia ile chupa ya konfitiri. Akatuambia zamani kabla ya uhuru Wagiriki njo walikuwa na biashara ya samaki hapa Kasenga, wanapakia kwenye barafu na kupeleka Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, kwa wafanyakazi wa migodi. Baba yake alikuwa anabeba vile vipande vya barafu kwenye gunia. Na alituambia juu ya mpumbu, samaki waliokuwa wanapanda mto kwa makundi kwenda kutaga wakati wa mvua, maji yanachemka kwa wingi wao, wakavuliwa hapo hapo kwenye safari yao ya kutaga mwaka na mwaka, na kufika karibu ya 1950 wakawa wameisha. Tantini alisikiliza akiwa ameshika kisu. Akauliza kama makobo nao wanapungua. Muzee akaonyesha na mkono, zamani hapa, sasa hapa, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo.

Ijumaa

Upepo ulipeleka moshi, mbingu safi, kilowati-saa saba na nusu, siku bora kuliko zote. Kilo 60 za mwisho zimeingia. Grupu dakika 55. Mdogo hakuangalia tena karatoni.

Jumamosi, kurudi

Pano zimerudi juu ya paa, viungo vyote tumevibana kwa mkono, magunia ya samaki wakavu juu ya konjelatere hapana, pembeni, hewa ipite. Njiani hakuna cha kuandika, zaidi ya kwamba ekra nilikuwa naiangalia kila tukisimama na kila mara ilikuwa inapanda.

Tulifika Katuba saa mbili usiku, mtaa mzima umeme umekatika. Tantini alikuwa amepanga samaki walale kwenye konjelatere kubwa ya nyumbani, haikuwezekana, wakabaki kwenye kamio. Batri 78. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kamba ya grupu, kwa usalama tu, nikasikia wimbo wa kanisa polepole kutoka parsele (kiwanja) ya jirani. Kuna kilio. Mama wa pale alifariki Ijumaa tukiwa Kasenga, viti vimejaa mpaka barabarani, watu wamejifunga matandiko juu ya baridi, mwanga wao ni tochi za simu na moto wa makala.

Hatuwezi kunguruma pale. Nilikaa nikapiga hesabu kwenye kiganja: samaki wameshaganda, usiku ni wa baridi, hakuna mtu atafungua vifuniko, konjelatere tatu mpaka asubuhi zitakula kilowati-saa mbili, konvertisere nusu, inatosha. Mdogo akavuta kable ndefu akapitisha juu ya ukuta, taa nne za wati 9, mbili kwenye viti vya wazee, moja jikoni kwa wamama, moja kwenye mlango. Tantini alienda kukaa nao na nguo zake za safari.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili batri iko 24. Tantini amerudi, amefungua konjelatere ya katikati, ile ya tabu ya mwezi wa tano, amechukua makobo wawili akawagonganisha, wamelia kama mbao. Amehesabu wanne akawafunga kwenye mfuko kwa ajili ya chakula cha kilio. Kwenye bidoni mazutu yamebaki lita sita na kitu, tumepima kwa kijiti kile kile, na juu ya paa ekra inasema wati 40, jua linaanza kutokea nyuma ya muembe wa jirani.